Sura ya Nne: Jirani wa Tembo, Jirani wa Mlima

Ukitoka Same mjini kwa barabara ya Kisiwani kwenda Mkomazi, mkono wa kulia una milima na mkono wa kushoto una nyika. Milima hiyo ni Upare Kusini, inayopanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Nyika ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye kilomita za mraba zaidi ya 3,200, ambayo imepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Katikati yake kuna ukanda mwembamba wa mashamba, na humo ndimo ilimo Maore, pamoja na majirani zake Ndungu na Kihurio. Maji ya Mto Hingilili yanayootesha mpunga wa Maore hutoka mlimani. Tembo wanaokuja kuula huo mpunga hutoka nyikani.

Kwa hiyo mkulima wa Maore analala kati ya hofu mbili, na ya tatu iko juu angani. Tambarare za Same ni kame, na vuli ikikataa, mahindi hukauka yakiwa magotini. Mvua ikizidi, mito ileile inayolisha mifereji hushuka na mawe na matope. Wazee wa Upare Kusini hawahitaji kusimuliwa mlima unaweza kufanya nini. Mnamo Novemba 2009, huko Goha katika Mamba Myamba, maporomoko ya ardhi yalifukia nyumba na kuua watu zaidi ya 20.

Sura hii inauliza jambo moja: mtu anayeishi hivyo anawezaje kula, kulala, kucheka na kumpeleka mtoto shule? Hofu ikibaki macho saa ishirini na nne, hakuna atakayeshika jembe. Lazima kuna kitu ndani yetu kinachoipunguza makali. Kitu hicho wanasaikolojia wanakiita kinga za nafsi. Kila mtu anazo, wa Maore na wa Masaki, msomi na asiyesoma. Kilicho muhimu ni kujua kinga yako inakulinda dhidi ya nini, na gharama yake inabebwa na nani.

Hofu na wasiwasi

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili. Tembo akisimama mbele yako saa nane usiku katikati ya shamba, hiyo ni hofu. Moyo unapiga, miguu inapata nguvu, unapiga debe au unakimbia. Mwili umefanya kazi yake, na tembo akiondoka, hofu nayo inaondoka.

Wasiwasi una tabia nyingine. Tembo hayupo. Mpunga umeanza kufunga mbegu, usiku umetulia, na wewe umelala kitandani macho wazi ukisikiliza. Unawaza kama watakuja leo au kesho. Unawaza deni la pembejeo, ada ya muhula ujao, na yule jirani ambaye shamba lake lilifyekwa lote msimu uliopita. Hakuna cha kupiga wala cha kukimbia. Mwili umejiandaa kwa vita ambayo haijafika, na hujiandaa hivyo usiku baada ya usiku.

Mtu wa kwanza kuieleza kwa mpangilio namna nafsi inavyojihami dhidi ya hali hii alikuwa daktari Sigmund Freud wa Vienna, Austria, aliyeanza kuandika juu ya kujihami kwa nafsi mwaka 1894. Aliyezikusanya kinga hizo na kuzichambua moja moja ni binti yake, Anna Freud, katika kitabu alichokitoa mwaka 1936, baba yake alipotimiza miaka 80. Hoja yao ya msingi ni nyepesi kueleza na ngumu kukubali: akili haituonyeshi kila kinachotutisha. Mengine inayaficha, mengine inayabadilisha sura, mengine inamtwika mtu mwingine, na yote hayo huyafanya bila kutuaga.

Katika mengi ya mawazo yake Freud amepingwa, na kwa haki. Hili la kinga limebaki, kwa sababu kila mwenye macho huliona mtaani kwake. Waswahili waliliona zamani na kuliweka kwenye methali, kama tutakavyokumbushana.

Kukana

Kinga ya kwanza ni kukataa kwamba jambo lipo. "Mwaka huu hawatafika huku." "Mlima huu umekuwepo tangu mababu, utuangukie sisi tu?"

Tusiikejeli kinga hii haraka. Saa za mwanzo za msiba mkubwa, kukana ndiko kunakomsimamisha mtu. Aliyeambiwa kwamba nyumba ya mwanawe imefukiwa husema, "Si kweli, jana nimeongea naye." Nafsi inaomba muda. Mzigo wote ukishuka kwa mara moja ungemvunja, kwa hiyo inaupokea kidogo kidogo. Ndiyo maana baada ya tope la Mlima Hanang kuangukia Katesh mnamo Desemba 2023, pamoja na vyakula na mahema, serikali ilipeleka pia maofisa wa ustawi wa jamii wa kukaa na waliofiwa. Mtu wa namna hiyo halazimishwi kukubali. Anakaliwa karibu mpaka akubali mwenyewe.

Ubaya huanza pale kukana kunapohamia na kuwa mkazi. Nyumba iliyojengwa kwenye njia ya maji inabaki palepale kwa sababu mwenyewe ameamua maji hayatarudi. Kivimbe kwenye titi kinapuuzwa mwaka mzima. Nchi yetu ina mfano mkubwa zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na watu wengi wakasema huo si ugonjwa bali ni uchawi, wafanyabiashara wa Uganda wamewaroga waliowadhulumu. Maelezo hayo yaliwatuliza wale wasiokuwa na deni la Mganda. Hofu ikapata pa kujificha, na virusi vikapata muda wa kuenea.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Waliotunga methali hiyo walikuwa wamekwisha kuiona kinga hii na bei yake.

Hasira inayopotea njia

Tembo wamepita. Robo eka ya mpunga imekanyagwa na nyingine imeliwa. Mwenye shamba anatembea kurudi nyumbani asubuhi, kimya. Hawezi kumpiga tembo, kwa sababu ni mkubwa kuliko yeye na pia analindwa na sheria. Hawezi kugombana na hifadhi, maana hifadhi haina uso mmoja wa kuuambia neno. Akidai, kuna fomu za kifuta jasho, jina ambalo serikali imelipa fedha anayopewa mtu aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, kama ilivyo kifuta machozi kwa aliyeuawa ndugu au kujeruhiwa. Fomu haina mahali pa kuandika hasira.

Anafika nyumbani. Chai haina sukari ya kutosha. Ndipo mama watoto anapokoromewa kwa maneno ambayo sukari haikuyastahili, na mtoto aliyeangusha kikombe anapata kofi la tembo.

Hii ndiyo kuhamisha hasira. Hasira iliyokosa njia ya kumfikia aliyeisababisha humwangukia aliye karibu na mnyonge. Anayeihamisha hajui kwamba anaihamisha. Ukimwuliza, atakuambia kwa dhati kwamba tatizo ni chai. Kwake yeye kinga imefanya kazi, amepata nafuu, pengine hata usingizi wa mchana. Gharama imebebwa na mama na mtoto. Nyumba nyingi tunazosema baba ni mkali ni nyumba ambamo mtu mmoja ana wasiwasi, na watu watano wanaugua kwa ajili yake.

Kumtwika mwenzio

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii wengi tunaitumia kumsuta mnafiki. Inaeleza pia kinga ya tatu: kuchukua kitu kisichokaa vizuri ndani yangu na kukiona kwa mtu mwingine. Mwenye wivu analalamika kwamba watu wanamwonea wivu. Aliyeanza kumtamani mke wa jirani anakuwa hodari wa kumshuku mkewe mwenyewe.

Jamii nzima nayo inaweza kufanya hivyo, na hapo ndipo kinga hii inapokuwa ya hatari kuliko zote. Mvua ikikataa, mtoto akifa ghafla, ng'ombe wakiisha kwa ugonjwa, wasiwasi unatafuta mwenye uso. Kukubali kwamba mambo mabaya hutokea bila mtu kuyapanga ni kukubali kwamba hatuna udhibiti, na hilo linatisha kuliko mchawi. Mchawi angalau anaweza kukamatwa. Basi anatafutwa, na mara nyingi anapatikana kuwa bibi mjane anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiripoti mauaji ya aina hiyo kwa miaka mingi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Upareni nako, kama karibu kila mahali Tanzania, minong'ono juu ya nani kamroga nani haijaisha.

Anayemnyooshea bibi kidole si lazima awe mtu katili. Mara nyingi ni mtu aliyeogopa sana. Lakini kinga yake imempa usiku mmoja wa utulivu kwa thamani ya maisha ya mtu, na msimu ujao mvua ikikataa tena, atahitaji bibi mwingine.

Sizitaki mbichi hizi

Kila mtoto aliyepita shule ya msingi anamjua sungura aliyerukia ndizi zisizofikika, akaondoka akisema hakuzitaka, ni mbichi. Mkulima aliyepoteza mavuno anaweza kusema, "Hata hivyo mwaka huu bei ya mpunga ilikuwa mbovu." Aliyekosa nafasi ya kazi mjini anasema mjini hakufai. Hizi ni sababu zinazotungwa baada ya tukio ili maumivu yapungue.

Kwa kiasi kidogo hazina madhara, na zinamhifadhia mtu heshima yake mbele ya wenzake. Zinaharibu pale zinapozuia kujifunza. Kama bei ilikuwa mbovu hata hivyo, hakuna sababu ya kujiuliza kwa nini sikushiriki zamu ya ulinzi. Kila msimu unapata kisingizio chake na kila msimu unarudia kosa lake.

Karibu na kinga hii kuna nyingine ambayo Anna Freud aliipa nafasi kubwa: kuogopa kitu mpaka ukajifanya ndicho. Aliandika juu ya msichana mdogo aliyeogopa kuvuka ukumbi gizani kwa hofu ya mizimu. Msichana alipata dawa yake mwenyewe: alivuka akifanya vituko vya ajabu, na akamweleza mdogo wake kwamba siri ni kujifanya wewe ndiwe mzimu unayeweza kukutana naye. Watoto wanaokulia kando ya hifadhi nao wakicheza tembo, mmoja mkonga na wengine walinzi wenye madebe, wanafanya jambo hilohilo, na ni jambo la afya. Mtu mzima anayenyanyaswa na bosi kazini kisha akaenda kuwanyanyasa walio chini yake kwa maneno yaleyale naye anajifanya mzimu, ila yeye hachezi.

Mwili unaposema

Wapo ambao kinga zao hazionekani kwa maneno wala kwa hasira. Wasiwasi wao unashuka mwilini. Moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma upande mmoja, tumbo linavurugika, mgongo unawaka moto, usingizi unakatika saa tisa. Wanakwenda zahanati, wanapimwa malaria, haionekani. Wanapewa dawa za maumivu. Wanarudi tena.

Mwaka 2003 Mary Ngoma na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya Dar es Salaam, wakilinganisha watu waliokwenda kliniki za kawaida na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kliniki, asilimia 24 ya wagonjwa walikuwa na matatizo ya kawaida ya afya ya akili, yaani wasiwasi uliopita kiasi, sonona na yanayofanana na hayo. Kwa waganga wa jadi walikuwa asilimia 48, mara mbili.

Takwimu hiyo husomwa na wengi kama ushahidi wa ujinga. Isomeni upya. Inaonyesha kwamba wenye wasiwasi wanajua kwamba wana shida, na wanakwenda pale wanapohisi watasikilizwa. Mganga anauliza habari za nyumbani, za ukoo, za ugomvi wa mipaka, za ndoto. Zahanati yenye foleni ya watu themanini inauliza homa imeanza lini. Mganga akishamaliza kusikiliza anaweza kukutajia mbaya wako, na hapo tunarudi kwa yule bibi mwenye macho mekundu. Somo kwa wahudumu wa afya ni kwamba mgonjwa anayerudi mara ya nne na kichwa kilekile aulizwe habari za nyumbani.

Kinga zinazoacha mikono huru

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kinga zote ni ugonjwa. Sivyo. Mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza kuwafuatilia vijana wa kiume 268 kwa miaka mingi ya maisha yao. Daktari George Vaillant, aliyeuongoza utafiti huo baadaye, alichapisha mwaka 1977 kitabu kilichozipanga kinga kwa ngazi. Chini ziko zile za kuukana ukweli na kumtwika mwingine. Juu ziko tano alizoziita za ukomavu: ucheshi, kutazamia, kusaidia wengine, kuugeuza msukumo kuwa kazi yenye manufaa, na kuahirisha wasiwasi kwa makusudi. Waliozitumia hizi za juu waliishi vizuri zaidi, kazini na nyumbani. Na jambo la kutia moyo ni kwamba watu wengi hupanda ngazi kadiri wanavyokua.

Hao walikuwa Wamarekani weupe wasomi, na mtu ana haki ya kuuliza wanatuhusu nini. Jibu ni kwamba kinga hizo tano zipo Upareni, na baadhi zimepewa taratibu zake.

Ucheshi kwanza. Watani wa Mpare, Wachaga wakiwa mbele, hawachoki kusimulia kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mpare mwenyewe anaisimulia vizuri zaidi yao. Na katika makabila mengi ya Tanzania mtani ana kazi rasmi msibani: anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anadai deni lake kaburini, anawafanya wafiwa wacheke huku machozi yanatiririka. Ucheshi wa aina hii hauukani msiba. Jeneza liko pale, kila mtu analiona. Unachofanya ni kuwapa watu pumzi ya kuutazama.

Kutazamia ni kuogopa mapema kwa mpango. Wakulima wanaopakana na Mkomazi hulinda kwa zamu, huwasha moto, hupiga madebe na hutumia tochi kali. Mahali pengine Afrika Mashariki wakulima hupaka pilipili iliyochanganywa na oili chafu kwenye kamba za uzio. Ng'ambo ya mpaka, Sagalla katika Kaunti ya Taita-Taveta, mtafiti Lucy King na wanakijiji walitundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo huwaogopa nyuki. Mkulima anavuna mahindi na asali. Wasiwasi uleule unaomkosesha mmoja usingizi, kwa mwingine umekuwa uzio.

Kusaidia wengine Wapare wanakuita msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, kuchonga barabara ya kijiji au kujenga darasa. Vipo pia vikundi vya kufa na kuzikana na vya kuweka na kukopa. Mtu akiogopa peke yake hujiona mdogo. Akiwa na jembe kati ya majembe arobaini, hofu haijatoweka, ila yeye ameongezeka. Hapo hapo na ile ya kuugeuza msukumo kuwa kazi inapata mahali, kwa kuwa hasira iliyokosa njia asubuhi inaweza kuzibua mfereji mchana.

Kinga ya tano, kuahirisha kwa makusudi, ndiyo inayochanganywa zaidi na kukana, na hapa Upare inatupa mfano ulio bora kuliko wowote wa Vienna. Tangu zamani Wapare wamejenga mabwawa madogo ya udongo na mawe yaitwayo ndiva. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku. Asubuhi tundu linafunguliwa, na maji yanakwenda shambani kwa mfereji, kwa zamu, kila mtu kwa siku yake. Mwenye ndiva hakani kwamba maji yapo. Anayakusanya kwa sababu usiku hayana kazi, na anajua saa atakayoyafungua. Wasiwasi unaweza kutendewa hivyohivyo: deni nimeliona, ada nimeiona, leo saa saba usiku siwezi kulipa lolote, kesho saa mbili nitakaa na mke wangu tupige hesabu. Anayekana hana tundu. Amefukia kijito, na kijito kilichofukiwa hutafuta pa kutokea, kwenye kichwa, kwenye kofi la mtoto, kwenye chupa ya gongo.

Saa ya kufungua ndiyo inayoleta tofauti. Anayesema "nitaliwaza kesho" kila siku kwa miaka mitatu hajaahirisha, amekana kwa maneno ya adabu.

Januari 1945

Kuna wakati tatizo halimalizwi na kinga ya mtu mmoja mmoja, na Same yenyewe ina kisa kinachofundisha hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilileta Upareni kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kiwango chake kilitegemea mali ya kila mtu kwa kadiri wakadiriaji walivyoiona. Mtu hakujua mwaka ujao atadaiwa nini. Kodi ya kiwango kimoja, hata ikiwa nzito, inajulikana. Hii iliwaacha watu wakisubiri bila kujua, na kusubiri bila kujua ndiyo mbolea ya wasiwasi.

Wangeweza kufanya yale tuliyoyaona: kukana, kumshuku jirani kwamba amewataja kwa wakadiriaji, kuwapiga wake zao. Badala yake, mnamo Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa pale. Wanawake waliwapelekea chakula. Mwaka uliofuata wanawake wenyewe waliandamana Usangi, Upare Kaskazini, kudai suala limalizwe. Hatimaye mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, aliandika habari za upinzani huo, na bila yeye wengi wetu tusingezijua.

Kisaikolojia kisa hiki kina jambo la pekee. Hasira ilifika kwa mwenyewe. Haikupitia kwa mtoto wala kwa bibi mjane. Ilitembea kwa miguu hadi kwenye ofisi iliyoisababisha, ikaketi mlangoni na kueleza inachotaka. Si kila tishio lina ofisi, mvua haina, na tembo hasomi barua. Lakini mengi ya yanayotukosesha usingizi siku hizi, mikopo ya riba, mipaka ya ardhi, fidia zisizofika, yana ofisi. Kinga ya nafsi inayokufanya uvumilie jambo linaloweza kubadilishwa ni kinga inayomtumikia anayekuumiza.

Pima kinga zako

Huwezi kuishi bila kinga, na usijaribu. Unachoweza ni kuzifahamu zako. Yaulize maswali matatu, ikiwezekana pamoja na mtu anayekupenda na asiyekuogopa, maana kinga zetu wenyewe huwa hatuzioni.

La kwanza: je, baada ya kinga hii nabaki na nguvu ya kushughulikia chanzo? Mzaha unaokupa moyo wa kurudi shambani ni mwema. Pombe inayokutuliza mpaka zamu yako ya ulinzi ikupite imekula nguvu uliyohitaji.

La pili: nani analipa? Kama utulivu wako unawagharimu watoto wako, mwenzi wako au mjane wa jirani, hujatulia, umehamisha.

La tatu: naweza kuiweka chini? Nikiambiwa ukweli na mtu ninayemwamini, naweza kuusikia kwa dakika kumi bila kuondoka au kufoka? Kama siwezi, kinga imekuwa bwana na mimi mtumishi.

Yapo pia mambo yanayozidi uwezo wa kinga yoyote. Kama kwa wiki mbili na zaidi hulali, huli, huoni raha ya kitu chochote, au umeanza kuwaza kujidhuru, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una tiba. Huduma hii haikuletwa jana. Kusini mwa Upare, kule Lutindi katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, kituo cha wamisionari kilichoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani kilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904. Mirembe ya Dodoma ilifuata mwaka 1927. Lakini si lazima uanzie mbali hivyo, na wala kutibiwa si kulazwa. Anzia zahanati ya kijiji au hospitali ya wilaya. Mwambie mhudumu habari za usingizi na mawazo, usiishie kwenye kichwa kinachouma. Asipokuelewa, omba uonane na ofisa ustawi wa jamii. Na kama ni ndugu yako uliyemwona amebadilika, usimwambie ajikaze. Mpeleke, na ukae naye kwenye foleni mpaka aitwe.